Hesabu ya Karo: shajara ya kikundi chetu, Agosti 2024 hadi Agosti 2025

Jumanne, 20 Agosti 2024

Tumekutana watano chini ya mwarobaini nyuma ya maktaba. Hakuna aliyechaguliwa mwenyekiti. Mimi nimepewa ukatibu kwa kuwa ndiye niliyekuja na daftari.

Kilichotuleta ni karatasi mbili nilizotoka nazo nyumbani: taarifa yangu ya karo na ya mdogo wangu wa kike. Mimi niliingia chuoni 2022, yeye 2023. Chuo ni kimoja, cha umma, huku pwani ya Kenya. Baba ni mmoja, na duka lake la vipuri vya baiskeli halijaongezeka hata rafu. Lakini karo ya masomo ninayodaiwa mimi ni shilingi 16,000 kwa mwaka, ile ya miaka nenda miaka rudi. Yeye yumo Bendi ya 3, kundi alilopangwa kulingana na pato la nyumbani. Kozi yake ina bei. Serikali inatoa asilimia 50 ya bei hiyo kama ufadhili, asilimia 30 anakopeshwa, na asilimia 20 inatoka nyumbani.

Kwa atakayelisoma daftari hili baadaye: mfumo huu aliutangaza Rais Ruto Mei 2023. Kabla yake serikali ilipeleka pesa moja kwa moja vyuoni, na ilitakiwa kulipa asilimia 80 ya gharama ya kila mwanafunzi iliyempeleka huko. Haikulipa hivyo. Ruzuku ilishuka mwaka hadi mwaka ikakaribia nusu, vyuo vikalimbikiza madeni ya mabilioni, ndipo ikaamuliwa kwamba sasa atafadhiliwa mwanafunzi, si chuo, kwa kupima uwezo wa kwao. Utafute popote neno "tumepunguza", hulipati.

Wapiga kelele wapo, tena wana sauti kutushinda. Sisi tumekubaliana kupiga hesabu: ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ambao mzazi aliyeishia darasa la saba ataumaliza bila kumwita mtu amsomee. Tumeupa jina Hesabu ya Karo. Mfuko wa kikundi: shilingi 250.

Jumanne, 27 Agosti

Tumegawana kazi. Mhasibu (anasomea uhasibu, jina limemganda) anashughulikia jedwali. Mwalimu, kijana wa Faza anayesomea ualimu, anakusanya taarifa za karo hostelini. Sharti ni moja: jina na namba ya usajili vikatwe kwa mkasi mbele ya mwenyewe kabla karatasi haijaingia sandukuni. Wawili wamekataa kutoa zao hata hivyo. Mmoja alisema anaona haya watu wajue yuko Bendi ya 5, na nyumbani kwao sasa hivi wanakula mara moja kwa siku tangu baba aachishwe kazi bandarini. Hilo la haya sikuwa nimelifikiria.

Serikali imeunda kamati ya kitaifa ya watu 129 kuutazama upya mfumo. Mhasibu ameuliza watakaa ukumbi gani.

Jumatatu, 2 Septemba

Jedwali la kwanza liko tayari. Hizi hapa bendi, maana watu wengi wamepangwa ndani yake bila kuwahi kuziona zote pamoja. Bendi ya 1 ni familia yenye pato lisilozidi shilingi 5,995 kwa mwezi: ufadhili 70, mkopo 25, nyumbani 5. Bendi ya 2, hadi 23,670: 60, 30, 10. Bendi ya 3, hadi 70,000: 50, 30, 20. Bendi ya 4, hadi 120,000: 40, 30, 30. Wanaozidi hapo ni Bendi ya 5, na nyumbani kunatoka asilimia 40.

Ukisikia "asilimia 5 tu" redioni unaona wametuhurumia. Mhasibu akauliza: asilimia 5 ya nini? Si ya pato la mzazi. Ni ya bei ya kozi. Tukachukua udaktari, ambao Chuo Kikuu cha Nairobi umewekewa shilingi 612,000 kwa mwaka. Asilimia 5 yake ni 30,600. Mzazi wa Bendi ya 1, hata akiwa kileleni kabisa mwa bendi hiyo, anapata 71,940 kwa mwaka mzima. Yaani katika kila shilingi 100 zinazoingia kwake, 42 na senti kadhaa ziende chuoni, kwa mtoto mmoja. Na huyu ndiye aliyepimwa akaonekana maskini kuliko wote.

Kisha kuna ile tunayoiita ngazi iliyovunjika. Wenye 70,000 kwa mwezi wanalipia udaktari 122,400. Jirani yao mwenye 70,001 analipa 183,600. Shilingi moja imemgharimu 61,200. Mwalimu amesema hata mizani ya sokoni Lamu haina jeuri hiyo.

Tumechapisha nakala 300, shilingi 3 moja. Mwenye fotokopi ametukopesha.

Alhamisi, 5 Septemba

Nakala 300 hazifai.

Tulimpelekea mhadhiri mmoja wa uchumi kwa heshima tu, tukitarajia atusifu. Amesoma, amevua miwani, amesema: "Wanangu, hapa mmedanganya mara mbili." Kwanza, tumelinganisha bei yote ya kozi mpya na zile 16,000, ilhali 16,000 ni karo ya masomo peke yake, juu yake kulikuwa na usajili, mtihani, maktaba, matibabu. Pili, tumeweka pesa za kujikimu upande wa ufadhili. Zile 60,000 kwa mwaka za Bendi ya 1 zinazoteremka hadi 40,000 za Bendi ya 5 si zawadi, ni mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na zitadaiwa pamoja na riba ya asilimia 4.

Kosa la pili lilikuwa linaibeba serikali na la kwanza lilikuwa linatubeba sisi, kwa hiyo mwenzetu mmoja alitaka tusahihishe la pili tu. Tumebishana mpaka taa za maktaba zikazimwa. Yote mawili yanasahihishwa. Tena tunaongeza mstari ambao hatuupendi: kwenye kozi ya chini ya 320,000, mwanafunzi wa Bendi ya 1 atatoa mfukoni chini ya 16,000. Ndivyo hesabu inavyosema. Tukiuficha, mtu mmoja akiufichua kwenye kamukunji, mkutano wa hadhara wa wanafunzi, karatasi nzima inakwenda na maji.

Mhadhiri alitusimulia kidogo. Mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu Kenya ilianza 1974. Waraka wa Serikali namba 6 wa 1988 ndio uliokuja na sera ya kuchangia gharama. Yeye alikuwa chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, chakula cha mesi kilipoacha kuwa sehemu ya masomo na kila mtu akaanza kulipia sahani yake. "Tuligoma, chuo kikafungwa, tukarudi tukalipa," alisema, akatuagiza tusisahau kufunga mlango.

Jumatatu, 9 Septemba

Leo ndiyo siku ya mgomo uliotangazwa wa vyuo vyote. Kwenye simu, kiongozi huyu anasema umeahirishwa, yule anasema uko palepale. Chama cha wanafunzi hapa kwetu kimekaa kimya. Tangu sheria ya vyuo vikuu irekebishwe 2016, viongozi hawachaguliwi tena na kila mwanafunzi kwa kura yake; tunachagua wajumbe, wajumbe wanachagua viongozi. Wajumbe ni wachache. Wachache ni rahisi kuwaita chai.

Kamukunji ilifanyika hivyo hivyo, uwanja wa mpira, saa nne. Nilipewa dakika tatu. Nilipofika kwenye 612,000 sauti ikatoka nyuma: "Komredi, wewe wa 2022 unalipa 16,000. Inakuhusu nini?" Watu wakacheka. Nilikuwa na jibu zuri la Kifungu cha 43 cha Katiba, haki ya kila mtu kupata elimu, lakini lilinikauka mdomoni. Nikainua zile karatasi mbili, yangu na ya mdogo wangu, nikasema baba yetu ni mmoja. Basi. Ndiyo hotuba yangu yote iliyobaki vichwani mwa watu.

Nakala mpya 200 zimeisha kabla ya saa sita. Deni la fotokopi: 1,500.

Jumanne, 24 Septemba

Tulitaka kutembea Ijumaa hii kutoka lango la chuo hadi ofisi za kaunti tukakabidhi malalamiko. Kifungu cha 37 kinaruhusu kuandamana kwa amani na bila silaha. Sheria inataka polisi wapewe notisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Barua tuliiandika vizuri. Aliyepewa kuipeleka alilala nayo mkobani toka wiki jana, akaikumbuka leo jioni. Tungeipeleka kesho zingebaki siku mbili.

Wengine wamesema tutembee tu, mbona Juni watu hawakuomba ruhusa ya mtu. Nimewaelewa. Mwezi Juni kila mmoja wetu alikuwa barabarani au alikuwa na ndugu barabarani, na mswada wa fedha uliondolewa. Lakini pia kila mmoja wetu anamjua mtu ambaye hakurudi salama, na hapa tunao vijana wa mwaka wa kwanza wenye miaka 18 ambao mama zao wamenipigia simu mimi, si mkuu wa chuo. Tumesogeza mbele wiki mbili. Mwenye mkoba ameomba radhi kwa mahamri na mbaazi za watu watano.

Ijumaa, 4 Oktoba

Jana Mahakama Kuu imesimamisha utekelezaji wa mfumo hadi kesi isikilizwe. Kesi ilipelekwa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya kiserikali, pamoja na wenzao. Matembezi yetu yameahirishwa tena, safari hii kwa furaha. Mhasibu peke yake hafurahi. Anauliza: mfumo ukisimama, muhula huu nani atalipa na kwa bei ipi? Mdogo wangu amepiga simu akiuliza hayo hayo. Sikuwa na la kumjibu.

Ijumaa, 20 Desemba

Niko nyumbani kwa kina Mwalimu, Faza, kisiwa cha Pate. Nilikuja kutembea tu, kazi imenifuata.

Baba yake ni mvuvi. Tulikaa naye kibarazani tukaifungua ile fomu ya kupima uwezo. Mzee akauliza, "Pato la mwezi. Mwezi upi?" Wakati wa kusi, tangu Mei hadi Agosti, bahari imechafuka na mashua nyingi ziko pwani zimepinduliwa, zipo wiki anazorudi na samaki wa kitoweo tu. Kaskazi ikivuma bahari hutulia, na mwezi mmoja wa kaskazi unaweza kuzidi minne ya kusi. Fomu ina kisanduku kimoja. Mwalimu aliijaza baba yake akiwa ametoka kwenye mwezi mzuri, akaandika ukweli, akapandishwa bendi. Rafiki yake wa kijiji hicho hicho, mashua hiyo hiyo, aliijaza wakati wa kusi na yuko bendi ya chini. Wote wawili walisema kweli.

Nimeliandika hili kwa kirefu kwa sababu tangu Agosti tunapiga hesabu za asilimia tukidhani tatizo ni asilimia. Hata zingekuwa za haki, zinapigwa juu ya namba ambayo mvuvi hana, mchuuzi hana, mgema hana. Mwenye payslipu pekee ndiye anayeijua, na mwenye payslipu ndiye anayebanwa kwa kuwa hana pa kuificha.

Tukiwa bado kibarazani habari zikaingia: Jaji Chacha Mwita ametoa hukumu. Mfumo unakiuka Katiba na ni wa kibaguzi. Mwalimu aliruka. Mzee akauliza kama karo ya Januari imefutwa. Tukamwambia bado haijajulikana. Akasema, "Haya," akaendelea kuziba wavu.

Jumatatu, 20 Januari 2025

Muhula umeanza kama vile hakuna hukumu. Taarifa za karo ni zile zile.

Tumeandika barua kwa chuo kwa mujibu wa Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Tumeomba mambo matatu tu: bei ya kila kozi ilikokotolewaje, chuo kimepokea kiasi gani cha ufadhili kwa walioingia 2023, na kilipokelewa lini. Sheria inatoa siku 21. Karani alitupigia mhuri nakala yetu bila kuisoma. Huo mhuri tumeupiga picha mara nne.

Jumanne, 11 Februari

Siku ya 22. Kimya. Tumeandika kwa Tume ya Haki za Utawala, ambako ndiko malalamiko ya namna hii yanapopelekwa.

Nimepitia ofisi ya fedha kwa jambo langu, mama mmoja wa dirishani akaniuliza taratibu kama mimi ndiye wa barua. Nikasema ndiye. "Mwanangu, hata sisi tungependa kujua zinaingia lini. Mishahara yetu inatoka huko huko." Hilo si jibu la barua, ila limenifungua macho. Tulikuwa tukimtazama kila aliye nyuma ya kioo kama adui.

Machi 2025

Mahakama ya Rufaa imesimamisha hukumu ya Desemba hadi rufaa iamuliwe. Mfumo umerudi. Kikundi kimebaki na watu watatu. Mmoja ana mazoezi ya kazi Nairobi, mwingine amechoka na amesema hivyo bila kuzungusha, na simlaumu. Sikuandika kitu wiki tatu.

Jumapili, 11 Mei

Kamati ya bajeti ya Bunge inalazimishwa na Kifungu cha 221 kusikiliza wananchi kabla ya makadirio kupitishwa. Makadirio yenyewe lazima yafike bungeni ifikapo 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwa hiyo nafasi ya kusema kitu ni hii miezi miwili. Mwaka jana tulikuwa tunapiga kelele Septemba, pesa zikiwa zimeshagawanywa. Nashangaa hatukuambiwa na mtu. Pengine tuliambiwa darasani na tulikuwa tumelala.

Waraka wetu una kurasa mbili. Tumeomba mambo mawili: mchango wa nyumbani uwekewe kikomo kwa kulinganishwa na pato la mwaka la familia, si bei ya kozi, na bendi zisiwe ngazi, mchango upande polepole ili shilingi moja isimgharimu mtu elfu sitini. Mhasibu ameweka jedwali. Mwalimu ameweka aya ya kusi na kaskazi. Niliogopa itaonekana si ya kitaalamu, nikataka kuiondoa. Walipiga kura wawili kwa mmoja, nikashindwa.

Tulipousoma kwenye kikao cha maoni, tulipewa dakika mbili. Jedwali halikuulizwa chochote. Mbunge mmoja aliuliza juu ya kusi.

Jumanne, 29 Julai

Mambo mawili ndani ya wiki moja.

La kwanza: Waziri wa Fedha John Mbadi ameiambia kamati ya elimu ya Bunge kwamba serikali haimudu shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, inayoweza ni kama 16,900. Ukisoma haraka utadhani ni habari ya shule, si yetu. Shule itakayokosa hizo elfu tano na ushei kwa kila kichwa itazitafuta kwa mzazi, na mzazi huyo ndiye yule yule atakayejaza fomu yetu miaka miwili baadaye akiwa hana kitu. Angalau yeye amesema wazi kwamba hawamudu.

La pili: bei za kozi vyuoni zinateremshwa kuanzia Septemba, kati ya asilimia 15 na 40. Hostelini kulikuwa na vigelegele. Sitadai ni karatasi yetu. Kulikuwa na kesi, kulikuwa na Juni, kulikuwa na wazazi waliowarudisha watoto nyumbani kimyakimya. Lakini bei imepungua na asilimia hazijaguswa: ngazi iko palepale, imefupishwa tu. Na waliolipa kwa bei ya zamani miaka miwili, au wanaodaiwa kwa bei hiyo, hakuna aliyewataja. Mdogo wangu amo humo.

Jumamosi, 23 Agosti

Nakabidhi. Mimi naingia mwaka wa mwisho na nina mradi wa darasani nisioweza kuukwepa tena. Katibu mpya ni msichana wa mwaka wa pili, Bendi ya 2, mkali kuliko mimi. Nimempa sanduku la taarifa za karo, fleshi, nakala yenye mhuri, waraka wa Mei na daftari hili.

Amekwisha kuanza jedwali jipya. Safu ya asilimia ameiandika kwa wino, safu ya bei za kozi kwa penseli. Swali la kwanza aliloliandika kwenye ukurasa wake: deni la 2023 na 2024 litahesabiwa kwa bei ipi? Barua inakwenda Jumatatu, siku 21.

Yaliyobaki: jibu la barua ya Januari halijafika. Mwenye fotokopi bado anatudai 640, na amesema hatachapisha tena kabla hajaziona.